Deni la Anayesema "Bora": Hukumu ya Muziki na Haki ya Msikilizaji

Kila mwaka unapokaribia kwisha, magazeti na majarida ya muziki ya Ulaya na Marekani huchapisha orodha za albamu ambazo wahakiki wake wamezihesabu kuwa bora kuliko nyingine, na mara orodha hizo zinapotoka, mashabiki huanza kuzipinga: huyu amepandishwa mno, yule amesahauliwa, na wa tatu hakustahili hata kutajwa. Ubishi huo huonekana kuwa wa kupitisha muda, lakini ndani yake mna swali ambalo wanafalsafa wamelichunguza kwa karne nyingi, nalo ni hili: je, mtu anaposema kwamba kazi moja ya sanaa ni bora kuliko nyingine, anataja jambo ambalo mwenzake anaweza kulikubali au kulikataa kwa hoja, au anatangaza tu kile kilichompendeza? Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kuutazama muziki unaosikilizwa Karatina, Nyeri na miji mingine ya Mlima Kenya, na inatetea wazo moja: kwamba neno "bora" humwekea anayelitamka deni la kutoa sababu na la kusikiliza tena, na kwamba orodha isiyolipa deni hilo haiwezi kudai kuaminiwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa wanamuziki wawili wenye jina moja. Joseph Kamaru wa kwanza, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939 na kufariki Oktoba 2018, aliimba kwa Kikuyu juu ya mapenzi, maadili na siasa, na nyimbo zake zilikuwa na uzito katika maisha ya watu kiasi kwamba wimbo wake wa miaka ya 1960 kuhusu mwalimu na mpenzi wake mwanafunzi uliwaudhi walimu hadi wakatishia kugoma, na ule alioutoa baada ya mbunge J. M. Kariuki kuuawa Machi 1975 ukawa sauti ya maombolezo ya umma. Kamaru wa pili ni mjukuu wake, ajulikanaye kwa jina la kisanii KMRU, aliyekulia Nairobi na baadaye kuhamia Berlin. Albamu yake iitwayo Peel, iliyotolewa mwaka 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, haina uimbaji wala mdundo wa kuchezwa. Imejengwa kwa sauti zilizorekodiwa katika mazingira ya kawaida, zikarefushwa na kupandanishwa hadi zikawa vipande virefu vinavyobadilika polepole. Wahakiki wa ng'ambo waliisifu kazi ya mjukuu, ilhali babu, ambaye nyimbo zake bado huombwa redioni na katika vilabu vya Karatina, hakuwahi kupangwa katika orodha zao wakati alipokuwa akizitoa. Yeyote anayeuliza ni Kamaru yupi aliye bora analazimika kwanza kueleza anahukumu kwa kipimo gani, na kipimo hicho kimetoka wapi.

Jibu la haraka ni kwamba hakuna kipimo, kwa kuwa kipendacho moyo ni dawa na moyo hauamrishwi. Jibu hili lina heshima yake, kwani linamlinda msikilizaji dhidi ya wanaotaka kumwonea aibu kwa anachokipenda, lakini haliwezi kueleza kwa nini watu hubishana. Hakuna anayekesha akimthibitishia mwenzake kwamba irio ni tamu kuliko wali, maana kila mmoja hukubali kwamba mwenzake ana ulimi wake. Lakini mashabiki wa John De'Mathew, mwanamuziki mwingine wa Kikuyu, na wa Kamaru hubishana hadi usiku wa manane, wakitaja beti, sauti na mwenendo wa gita, na kila mmoja hujiona kuwa anamwonyesha mwenzake kitu kilichomo ndani ya wimbo. Ubishi wenyewe ni ushahidi kwamba wanaobishana wanaamini kuna jambo la kuonyeshwa.

Jibu la pili ni la hesabu, nalo husema kwamba chema chajiuza, hivyo wimbo ulionunuliwa au kutazamwa na wengi zaidi ndio ulio bora. Udhaifu wake unafahamika vizuri kwa mkulima wa kahawa wa Mathira, eneo ambalo Karatina ni mji wake mkuu. Kahawa ikishakobolewa, buni zake hupitishwa katika machekeche, na zile kubwa zinazozuiwa na matundu ya takriban milimita 7 hupewa daraja la AA, zinazofuata hupewa AB, na buni za duara, ambazo huota peke yake ndani ya tunda, huitwa PB. Herufi hizo hutaja ukubwa na umbo la buni, na hazisemi neno juu ya ladha. Ladha huamuliwa mezani, ambapo mwonjaji humwagia maji moto kahawa iliyosagwa, huvunja utando uliopanda juu kwa kijiko, kisha hufyonza kwa nguvu ili kinywaji kienee ulimi mzima kabla ya kukitema. Kahawa kubwa huweza kuwa na ladha nzuri, na mara nyingi huwa nayo, lakini chekeche haliwezi kulithibitisha hilo. Idadi ya mauzo na ya watazamaji ni chekeche la muziki: hupima ukubwa wa umaarufu kwa usahihi, na huishia hapo.

Jibu la tatu humkabidhi hukumu mwenye mamlaka, na historia ya eneo hili inaonyesha hatari yake. Tumutumu, karibu kabisa na Karatina, ni mojawapo ya vituo vya misheni ya Kanisa la Scotland vilivyoanzishwa katika nchi ya Wakikuyu mwanzoni mwa karne ya 20, na kutoka vituo kama hivyo ngoma nyingi za wenyeji zilihukumiwa kuwa za kipagani na zisizomfaa Mkristo. Mwaka 1929, mgogoro kuhusu tohara ya wanawake ulipopamba moto, ulienea wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, ambao ulitumia ubeti baada ya ubeti kuwakejeli wamisheni, watawala na machifu, na serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku. Inawezekana kabisa kuipinga desturi ambayo Muthirigu uliitetea na bado kukiri kwamba marufuku ile haikuwa hukumu ya sanaa, kwa sababu aliyeitoa hakujitaabisha kuusikia wimbo kama wimbo. Mamlaka inaweza kuunyamazisha muziki, na inaweza hata kuwa na sababu za kimaadili za kuulaumu, lakini cheo pekee hakimpi mtu sikio.

Mwanafalsafa wa Scotland David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha uonjaji wa sanaa, yaani uwezo wa mtu kutambua kilicho kizuri, alijaribu kupita katikati ya majibu hayo. Alikubali kwamba uzuri hupokelewa na hisia, lakini akasema kwamba hisia za watu wote hazina uzito sawa, kwa kuwa mhakiki wa kweli ana sifa tano: akili timamu, wepesi wa kuhisi tofauti ndogo, mazoezi ya muda mrefu, uzoefu wa kulinganisha, na moyo usiotawaliwa na upendeleo. Sifa ya nne ina mwenzake katika methali ya Wakikuyu isemayo kwamba mtoto asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Methali hiyo haimwambii mtoto kwamba chakula cha mama yake ni kibaya, wala haimkatazi kukipenda kuliko vyote. Inamwambia tu kwamba sifa anayoitoa haitakuwa hukumu mpaka atakapoonja vya wengine. Kwa kipimo hiki, mhakiki wa Berlin ambaye hajapata kumsikia Kamaru wa kwanza, na shabiki wa Karatina aliyeizima Peel baada ya dakika mbili, wote wawili ni watoto wasiotembea.

Hata hivyo, Hume aliacha pengo. Waonjaji wa kahawa hukubaliana kwa kiasi kikubwa kwa sababu wamefundishwa kwa vikombe vile vile, na kwa miaka mingi hukumu yao haikupingwa na wakulima wengi waliokunywa chai nyumbani na kuipeleka kahawa yao kiwandani bila kuionja. Makubaliano ya wataalamu, kwa hiyo, yanaweza kutokana na ukweli wanaouona, na yanaweza pia kutokana na malezi wanayoshiriki, na aliye nje hana njia ya kutenganisha mawili hayo iwapo haambiwi sababu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliona kwamba anayekiita kitu kizuri hudai kila mtu akubaliane naye, ingawa hana uthibitisho wa kumlazimisha yeyote. Dai hilo ni zito, kwani anayedai kukubaliwa na watu wote amewatambua watu wote kuwa na uwezo wa kuhukumu, naye hawezi tena kumdharau yule anayemkatalia. Hapa ndipo deni linapozaliwa: kwa kuwa uthibitisho haupo, kinachobaki ni kuonyesha, kueleza na kusubiri jibu.

Orodha za mwisho wa mwaka zina kawaida ya kulificha deni hili nyuma ya namba. Kura mashuhuri ya gazeti la Village Voice la New York, iliyoanzishwa na mhakiki Robert Christgau mwaka 1971, ilimtaka kila mhakiki agawe pointi 100 kwa albamu 10, bila kuipa yoyote zaidi ya pointi 30 wala chini ya 5, kisha pointi zote zikajumlishwa. Utaratibu huo ni wa haki kwa wapiga kura, lakini Mfaransa Condorcet alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1785 kwamba kuchanganya hukumu za watu wengi kunaweza kuzaa hukumu isiyo na mantiki. Wachukuliwe wasikilizaji watatu wa Karatina wanaowapanga Kamaru, De'Mathew na mwimbaji wa Kikuyu Queen Jane: wa kwanza anamweka Kamaru mbele ya De'Mathew, na De'Mathew mbele ya Queen Jane, wa pili anamweka De'Mathew mbele ya Queen Jane, na Queen Jane mbele ya Kamaru, wa tatu anamweka Queen Jane mbele ya Kamaru, na Kamaru mbele ya De'Mathew. Wawili kati ya watatu wanampendelea Kamaru kuliko De'Mathew, wawili wanampendelea De'Mathew kuliko Queen Jane, na wawili wanampendelea Queen Jane kuliko Kamaru, hivyo kundi zima linazunguka bila kuwa na wa kwanza, ilhali kila mmoja wao peke yake alikuwa na mpangilio uliokamilika. Pointi huweza kuuvunja mzunguko wa namna hiyo, lakini zikiuvunja, nafasi ya kwanza huwa imetokana na kanuni ya kugawa pointi, na hakuna sikio linaloweza kuitetea.

Tatizo jingine limo katika kitu chenyewe kinachopangwa. Albamu, yaani mkusanyo wa nyimbo unaokusudiwa kusikilizwa kama kazi moja, haikuwa njia kuu ya muziki wa Kikuyu katika miaka yake ya neema. Kamaru na wenzake waliuza santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na kwa kuwa upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hadithi ndefu ilikatwa katikati na kuandikwa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa nyuma, ikamlazimu msikilizaji kuinuka na kuigeuza santuri ili ajue kisa kiliishaje. Leo nyimbo hizo huishi katika mugithi, mtindo ambamo mpiga gita huunganisha nyimbo za wengi moja baada ya nyingine huku wachezaji wakifuatana kwa mstari mrefu, na wimbo wa mwaka 1970 huchezwa kando ya wa mwaka jana bila yeyote kuuliza tarehe. Anayeuliza albamu bora ya mwaka, basi, ameshachagua kabla ya kusikiliza ni muziki wa namna gani unaoweza kushinda.

Njia bora zaidi ya kuhukumu ilikuwepo katika nchi hii kabla ya santuri. Gichandi ni ushairi wa majibizano ambamo washairi wawili, kila mmoja akitikisa kibuyu chenye mbegu kilichochorwa alama za kumsaidia kukumbuka, walitegeana mafumbo mbele ya umati, na aliyeshindwa kufumbua aliweza kupoteza kibuyu chake. Katika sanaa hiyo ubora haukutangazwa na mtu aliyekaa pembeni; ulidhihirika katika kujibu, na mshindani mwenyewe alikuwa msikilizaji makini kuliko wote, kwa sababu asiyesikia vizuri hakuwa na la kujibu. Mila hii ina ndugu zake katika malumbano ya washairi wa Mombasa tangu enzi za Muyaka bin Haji na katika mashindano ya ngoma za beni za pwani, na zote zinashuhudia kwamba kushindana na kuelewana vinaweza kutokea katika tendo moja.

Orodha ya wahakiki ikipimwa kwa kanuni ya gichandi, nafasi ya kwanza bila maelezo ni fumbo lililotegwa na mtu aliyeondoka kabla ya kujibiwa, na shabiki anayetukana badala ya kutaja wimbo na sababu amepoteza kibuyu chake. Haki ya msikilizaji wa Karatina ni kuelezwa kile ambacho mhakiki amekisikia katika Peel, na wajibu wake ni kuipa kazi ya mjukuu dakika zinazohitajika ili sauti zake ndefu zibadilike. Wajibu wa mhakiki wa ng'ambo ni kumsikiliza babu, ambaye mjukuu huyo huyo amezichapisha upya rekodi zake katika intaneti ili asipatikane wa kusema hazifikiki. Baada ya hapo kila mmoja anaweza kubaki na mpendwa wake, na hakuna atakayekuwa ameshindwa, kwa kuwa lengo la ubishi halikuwa kumaliza tofauti. Binadamu anayebishana kwa haki juu ya kilicho kizuri hukiri mambo mawili kwa pamoja: kwamba uzuri upo nje ya nafsi yake, na kwamba mwenzake anaweza kuwa ameuona mahali ambapo yeye hakufika. Jamii inayoyashika yote mawili itazidi kusikia vizuri kila inapotofautiana, na hiyo ni faida ambayo hakuna nafasi ya kwanza katika orodha yoyote inayoweza kuileta.