Kuinuka kwa Wadachi na Jasho la Waha

Huku Kasulu na Kibondo tungali na wazee ambao baba zao walikwenda manamba Tanga, wakakata mkonge kwa kipande cha siku 30. Mkonge huo uliletwa na Mdachi, Bwana Richard Hindorf, mwaka 1893. Basi tusomapo jinsi Wadachi walivyoinuka baada ya vita vya 1914–1918, habari hiyo si ya mbali nasi, nasi twajiuliza: aliyeanguka akitaka kusimama tena, ana haki ya kushika bega la nani?

Kwamba walianguka, hakuna abishaye. Mwezi wa Novemba 1923 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2, mjane aliyejiwekea akiba maisha yake yote hakuweza kununua mkate kwa akiba hiyo. Mtoto mwenye njaa wa Berlin hakuanzisha vita. Wala hatuoni vibaya kwamba nchi yake ilitoa fedha mpya mwezi ule ule, ikakopa Marekani tangu 1924, ikaingia katika Shirika la Mataifa mwaka 1926.

Tangu 1925 Wadachi waliruhusiwa pia kurudi Tanganyika, wakajipatia mashamba tena. Kisha ikaja shida ya dunia ya 1929. Bei ya mkonge ikaanguka, mishahara ya manamba ikapunguzwa, lakini kodi haikungoja. Huko Udachi, mwaka 1932, watu kama milioni 6 hawakuwa na kazi. Mwaka 1933 Hitler akashika utawala. Kazi ilipatikana, kweli. Ila nyingi ikawa ya kuunda silaha, na Wayahudi wakafukuzwa katika kazi zao. Ndipo likaja dai la kurudishiwa makoloni, ati taifa kubwa haliwezi kuishi pasipo hayo.

Katika dai hilo Waha walihesabiwa kuwa nini? Mikono tu. Wala tusiwalaumu Wadachi peke yao: Wabelgiji walioshika Buha tangu 1916 hata 1921 hawakuwauliza wazee wetu, wala Waingereza waliowafuata. Mgonjwa kutaka kupona si kosa. Kosa ni kuita dawa iliyo nyumbani kwa mwenzake mali yake.

Septemba 1939 vita vikaanza tena. Wadachi wa Tanganyika wakawekwa kizuizini, na mashamba yao yakashikwa na serikali. Manamba wa Buha waliamka alfajiri kama jana yake, wakaenda kukata mkonge. Kipande kilikuwa kile kile, cha siku 30.