Zawadi ya Ramu na Dhamiri ya Mpaji

Krismasi inapokaribia, kisanduku cha chupa ndogo ndogo za ramu za kuonja huonekana zawadi ya heshima. Katika bonde la Kilombero asili ya kinywaji hiki si ngeni: ramu hutengenezwa kwa miwa au molasi, na mashamba ya miwa ya Kidatu yanajulikana nchi nzima. Lakini ubora wa kinywaji hauamui kama zawadi ni njema. Anayeamua ni mpokeaji, kwa kuwa kutoa zawadi ni kumtakia mwenzako heri, na heri hiyo ndiyo kipimo chake.

Katika bonde hilo, kuanzia Kivukoni hadi Ifakara mjini, Waislamu na Wakristo ni majirani. Qur'ani, sura ya Al-Maida aya ya 90, imekataza ulevi. Kumpelekea Mwislamu chupa ni kuidharau imani yake. Mkristo atajibu kwamba Yesu aligeuza maji kuwa divai kule Kana. Ni kweli, divai yenyewe si dhambi. Hata hivyo Paulo, katika Warumi 14, anauwekea uhuru huo mpaka wa upendo: afadhali kuacha divai kuliko kumkwaza ndugu. Wengine watasema mtu mzima ajiamulie. Naam, ila anayepambana kuacha pombe huletewa jaribu hadi sebuleni, tena kwa jina la upendo.

Basi mpe ramu yule tu unayejua kwamba hunywa kwa kiasi na bila majuto. Usipokuwa na hakika, mpelekee mchele wa Ifakara. Huo haumkwazi mtu.