Wageni Wanapoaga, Nani Anabaki na Mtoto?

Kati ya Juni na Agosti, shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa, vituo vya kulelea watoto huku Bukoba na Muleba hupokea vijana wa makanisa rafiki. Wanapaka rangi mabweni, wanafundisha nyimbo, wanacheza mpira na watoto hadi jua linapozama. Kisha inafika siku ya kuagana: risala, vikapu na kahawa ya zawadi, sala, machozi. Katika hafla moja ya namna hiyo nilimwona mtoto wa miaka kama minne ameng'ang'ania sketi ya binti mgeni. Binti alilia, akasema kwa Kiswahili chake kichanga, "Nitarudi." Mama mlezi alimbandua mtoto kidole kimoja kimoja, akambeba mgongoni kwa kanga, akarudi jikoni kukoroga uji uliokuwa unataka kushika chini. Kabla gari halijafika barabarani, mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza. Kilio chake kilikuwa cha kawaida kwa umri ule. Kilichonishtua ni wepesi wa kunyamaza, kama mtu aliyekwisha kuzoea kuachwa.

Siwalaumu vijana wale. Wengi huja kwa imani safi na huondoka na uchungu wa kweli. Lakini mtoto mdogo hujifunza kupenda kwa kurudiwa na uso uleule: unaomwosha, unaomlisha, unaoamka naye usiku akiwa na homa. Uso huo ukibadilika kila baada ya wiki tatu, anajifunza kukimbilia kila mgeni na kumwita mama, nasi tunamsifu kuwa ni mchangamfu. Watafiti waliofuatilia watoto wa vituo vya Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, waliona kwamba waliohamishiwa kwenye familia za kuwalea walikua vizuri zaidi kuliko waliobaki vituoni, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili hivi.

Tena mgeni hawezi kuonya. Ana siku chache, anataka kupendwa, basi hutoa pipi na kukumbatia. Kumwambia mtoto "hapana", kumwacha akasirike, halafu kula naye chakula cha jioni kana kwamba hakuna kilichovunjika, hiyo ni kazi ya mtu atakayekuwepo kesho. Nidhamu bila mtu wa kubaki ni karipio tu.

Tulifikaje hapa? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilichukua baba na mama wa kibanja kimoja baada ya kingine, na katika nyumba nyingi akabaki bibi na wajukuu. Ukoo, ambao zamani ungegawana watoto bila kikao, ulizidiwa na misiba. Vituo kama Ntoma, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, vinajibu hitaji halisi: kichanga kilichofiwa na mama hakiwezi kusubiri ukoo ujadiliane. Hilo tunalishukuru. Lakini dharura ilipopungua, mazoea yalibaki. Tukaanza kuona yatima kuwa ni shughuli ya wafadhili, hata pale ambapo shangazi yake anaishi ng'ambo ya mto, na kinachomzuia kumchukua ni ada, sare na godoro.

Kule Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi. Fedha ile ilikwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule, na mtoto akaendelea kulala alikozaliwa baba yake. Naona hekima kubwa hapo. Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, unawataja yatima na wajane kwa pumzi moja. Sisi tumewatenganisha, yatima tukampeleka kituoni na mjane tukamwacha peke yake chini ya migomba.

Na sisi wazazi tulio hai je? Tunatoroka alfajiri mtoto akiwa usingizini ili asilie. Tunamwambia "naenda dukani, nakuja sasa hivi", kumbe tunapanda basi la Mwanza. Baba anapiga simu kutoka Dar es Salaam kuahidi Krismasi. Krismasi inafika na pesa ya simu badala yake. Mtoto anayashika yote. Akifika umri wa kuondoka naye ataondoka bila kuaga, na ahadi zake zitakuwa nyepesi kama zetu, kisha tutamwita mtovu wa adabu. Amejifunza kwa nani? Anayesafiri amwage mtoto akiwa macho, amwambie kweli anakwenda wapi na nani atabaki naye, na asitaje siku ya kurudi asiyoweza kuitimiza. Alie. Kilio cha mtoto aliyeambiwa ukweli kina mwisho.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na inawapa wazazi wajibu. Kanisa nalo lina jumuiya mitaani. Basi wageni wakituuliza wasaidie nini, tuwaombe bati la nyumba ya bibi, mshahara wa mama mlezi ili asihamehame, nauli ya afisa wa ustawi wa jamii kufuatilia ndugu wa mtoto huko Kamachumu au Izigo. Kumbeba na kumwonya mtoto tukufanye wenyewe. Wakishaondoka Agosti, jumuiya ikutane na kupanga kwa majina nani atapita kila wiki kwenye nyumba ipi, nani atakagua madaftari, nani ataitwa shuleni mtoto akikosea, na nani atanunua viatu kabla shule hazijafunguliwa Januari.