Springi Imekazwa kwa Ajili ya Nani?

Ubishi wa Boxer na TVS haujaisha katika vijiwe vya bodaboda vya Masasi, na sidhani kama utaisha leo. Zote ni pikipiki kutoka India: Boxer ni ya kampuni ya Bajaj Auto ya Pune, na HLX, ambayo mtaani tunaiita TVS tu, ni ya TVS Motor ya Chennai. Zinakaribiana kwa ukubwa wa injini na zote zina shokapu mbili nyuma. Lakini waulize madereva, utadhani umewauliza kuhusu Simba na Yanga. Wa Boxer atakwambia yake haiyumbi hata uipakie mzigo gani. Wa TVS atakwambia yake ni laini, unashinda juu yake kutwa nzima na jioni kiuno bado ni chako.

Kwa safari ya kwenda Newala, hoja hizo si za kupuuza. Masasi iko chini, kwenye tambarare yenye milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukishapanda kule na kuacha barabara kuu kuingia vijijini, unakutana na mchanga. Kwenye mchanga tairi la mbele hujitafutia njia lenyewe, na pikipiki isiyotii usukani inakulaza chini. Kwenye njia iliyochimbwa na mvua, shokapu ndizo zinazoamua utafika ukiwa na hali gani.

Utafika nani, lakini? Katika ubishi huo wote sijasikia abiria akitajwa.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha *Siasa*, anajiuliza nani anafaa kuihukumu kazi ya fundi. Anajibu kwamba anayeishi ndani ya nyumba huihukumu vizuri kuliko aliyeijenga, nahodha huujua usukani kuliko seremala, na mgeni hukijua chakula kuliko mpishi. Wazee wetu walilisema kwa ufupi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hoja hiyo dereva ana haki ya kuihukumu pikipiki kuliko kiwanda. Lakini kitanda hiki kinalaliwa na wawili. Dereva anaona shimo kabla ya kulifikia, anakanyaga vizuri na kujiinua kidogo. Abiria amekaa nyuma, karibu juu ya tairi, haoni mbele. Shimo analijua likishampiga.

Kuna jambo dogo la kiufundi linaloonyesha hili vizuri. Shokapu za nyuma za pikipiki hizi zina ngazi: unazungusha kwa spana, springi inakaza au inalegea. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, madereva wengi huzikaza hadi mwisho ili magunia yanayokwenda ghala la chama cha msingi yasiishushe pikipiki nyuma. Wako sahihi. Springi ikilegea chini ya mzigo mzito, mbele panakuwa pepesi na usukani unaelea. Shida inaanza gunia likishashushwa na abiria akapanda, springi ikabaki ilivyokuwa.

Dada yangu alipanda pikipiki ya namna hiyo akiwa na mimba ya miezi saba, akitoka kijijini kwenda hospitali. "Mdogo wangu, nililihesabu kila jiwe," aliniambia. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia dereva. "Ningemwambia nini, na ndiye pekee aliyekubali kuja?"

Hapo ndipo mfano wa Aristotle unaponipa shida. Mgeni asiyependa chakula anaweza kusukuma sahani. Dada hakuwa na sahani ya kusukuma. Alikuwa na ujuzi wote wa kuihukumu safari ile, ila hakuwa na nafasi ya kuitoa hukumu yake.

Simlaumu dereva kirahisi. Wengi wanaendesha kwa mkataba, na hesabu ya bosi inasubiri jioni, abiria awe mjamzito au asiwe. Hakuchagua barabara, na huenda hata pikipiki hakuichagua yeye. Lakini spana iko mikononi mwake, na mwendo pia. Naona wajibu wa mtu unaanzia hapo hapo uwezo wake wa kuchagua unapoanzia, hata ukiwa mdogo kiasi cha dakika mbili za kulegeza springi. Na unakuwa mzito zaidi pale anayeumia hana namna ya kukataa.

Kwa hiyo Boxer au TVS? Swali hilo haliwezi kujibiwa kijiweni, pikipiki ikiwa imeegeshwa bila mtu nyuma. Linajibiwa kila safari, kutegemea nani amepanda. Dereva asiyejua jibu ana njia rahisi ya kulipata: apunguze mwendo, ageuze shingo, aulize, "Dada, huko nyuma vipi?"