Bustani Baada ya Mavuno

Mwezi wa Juni ukiingia, mvua zikiisha kukatika, bustani nyingi za Butimba na za kando ya ziwa hufanana na ua wa nyumba baada ya arusi. Minyanya imekauka ingali imefungwa vijitini, mchicha umetoa mbegu, na boga lililosahauliwa limeoza chini ya majani yake. Mwenye bustani amekwisha kula na kuuza. Ndipo huuliza: kazi isiyo na mavuno ni ya nini? Kiwanja ni changu; nikikiacha hivi mpaka mvua za Oktoba, nani aliyedhulumiwa?

Swali hili si la kupuuzwa, maana wako watu wema wanaodhani kwamba usafi wa bustani ni jambo la macho tu. Lakini mnyanya uliokauka si mtupu. Kantangaze, mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, huendelea kuishi katika mabaki na matunda yaliyoachwa, na wengi wao hukamilisha kukua kwao ndani ya udongo. Kisha nondo huruka usiku, wala hajui ua wala mpaka. Ng'ambo ya ua huenda yuko mjane aliyekopa fedha za mbegu.

Na hapa ndipo penye ugumu. Mbuzi akila mahindi ya jirani, mwenye mbuzi hujulikana, wazee hukaa, na fidia hutolewa. Nondo hana alama ya mwenyewe. Hakuna shahidi, hakuna baraza. Je, dhara lisiloweza kuthibitishwa ni deni? Sisi twasema ni deni kamili. Mjane amepata hasara ile ile, ama amjue aliyemtia hasarani ama asimjue. Kutojua kwake hakumpunguzii mwenzake wajibu hata kidogo.

Kwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, serikali imekwisha kujibu: mashina yang'olewe na kuchomwa ifikapo tarehe 15 Septemba, ili wadudu wa pamba wakose makao mpaka msimu mpya. Amri hiyo ni njema. Lakini haifiki kwenye kitalu cha nyanya nyuma ya jiko, wala hatutamani bwana shamba aje kutuchungulia huko.

Neno moja juu ya moto, kwa sababu wengi wetu hupenda kuchoma kila kitu. Moto ni wa mashina yenye wadudu na ugonjwa. Kuchoma majani mazima ya maharage na mchicha ni kuinyang'anya ardhi chakula chake, hasa udongo wetu wa kichanga ulio kati ya mawe makubwa ya Mwanza. Hayo yafukiwe shimoni pamoja na samadi, yawe mboji.

Mtu mmoja atasema, "Mimi nang'oa, jirani yangu hang'oi, napata faida gani?" Asema kweli: bustani moja safi haijiokoi peke yake. Basi na avuke ua. Pengine atamkuta jirani hana uvivu wowote, ila ana homa, au uzee umemshika kiunoni. Kitalu cha hatua kumi hakiwashindi watu wawili asubuhi moja, na jembe tayari analo mkononi.