Anza Kabla Dirisha Halijafunguliwa

Unasubiri tangazo. Walimu, wauguzi na maafisa ugani wengi kuanzia Mkata hadi Mombo wanasubiri kitu hichohicho: siku rafiki atakapotupia kiungo kwenye kundi la WhatsApp na kuandika, "Dirisha limefunguliwa, changamkieni." Hapo ndipo utakapoanza kufukua vyeti, kununua bando la wiki, na kukesha mbele ya ukurasa mtupu unaokutaka ueleze, kwa maneno mia tano au elfu moja, kwa nini unataka kusoma shahada ya uzamili. Ukianzia hapo umeshachelewa. Siku zitakuwepo, pengine wiki sita au nane. Lakini swali lile halijibiwi kwa wiki nane.

Jibu lake, yaani andiko la kusudio, huanza siku unapoona kazini jambo linalokukera na usiweze kulieleza. Kama siku hiyo imeshapita, anza leo.

Ushahidi uko hapahapa mkoani Tanga. Ukifika njia panda ya Segera ukitokea Chalinze, kulia ni Hale, Muheza na Tanga. Kushoto ni Korogwe na Mombo, na pale Mombo barabara inakwea milima kwenda Lushoto. Huko juu, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikigombewa. Mwenzake mmoja akatia ya kwake bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akatia ya kwake yakiwa bado moto. Ya Mpemba ndiyo yaliyoganda kwanza.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Wengi wetu tungeishia hapo, na kusema kweli wengi wetu tumeishia hapo na maswali yetu. Yeye aliondoka na lake. Tanga mjini akakutana na rafiki aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu, akakuta wauzaji wa huko huingiza mchanganyiko ukiwa moto makusudi ili ugande upesi. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, kwa kidato cha tano, alikwenda na swali lake, likawa utani wa darasa zima: hata akikosea hesabu, ilisemwa hiyo ni hisabati ya Mpemba. Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akaitembelea shule. Mpemba akauliza tena mbele ya wote. Wakacheka. Osborne akarudi Dar, swali likapimwa maabara, na mwaka 1969 makala yenye majina ya wawili hao ikatoka katika jarida la Physics Education. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na duniani linaitwa kwa jina lake.

Hesabu miaka hiyo: sita. Kama mwaka 1969 kamati yoyote ya chuo ingemtaka Mpemba aeleze kwa nini anataka kuendelea na masomo, asingehitaji kutunga kitu. Alikuwa na swali, alikuwa amekwenda mtaani kuwauliza wanaolijua kwa mikono, alikuwa amekataliwa, na alikuwa amepata majibu ya maabara. Hilo ndilo wanalolitafuta wanaosoma maombi. Wanasoma mamia ya kurasa zinazoanza na "tangu nikiwa mdogo nilikuwa na ndoto". Sentensi hiyo imekufa zamani. Usiifufue.

Sasa wewe. Usiniambie kwamba unakoishi hakuna cha kuandika. Kituo cha utafiti cha Korogwe kilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanyia majaribio ya mwisho chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009; chanjo hiyo ndiyo ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwezi Oktoba 2021 itumike kwa watoto. Jina la Korogwe limo kwenye majarida ya kitabibu yanayosomwa London na Boston, na wewe muuguzi wa Hospitali ya Magunga, hapohapo Korogwe, unadhani huna la kusema? Mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na hadi leo sehemu ndogo tu ya jani ndiyo inayotoka kuwa nyuzi. Kilichobaki hugeuka taka au, kama ilivyofanyika Hale, gesi ya kuzalisha umeme. Mhandisi kijana anayepita pale kila Jumatatu ana andiko tayari mikononi, ila bado hajaliandika. Mwalimu wa Segera anayefundisha watoto waliokulia kando ya barabara kuu, ambao kengele ya mapumziko ikilia wanawaza machungwa ya kuwauzia abiria, analijua suala la utoro kuliko profesa yeyote. Analijua, lakini hajawahi kuliweka kwenye karatasi.

Kalenda nayo uijue. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya kozi zinazoanza Agosti au Septemba kati ya Desemba na Januari inayotangulia. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, na unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani takriban miaka miwili. Kwa hiyo hata miaka yako ya kwanza kazini ni sehemu ya maombi. Rudi nyuma uhesabu. Rasimu ya kwanza inatakiwa iwe imekamilika wakati wa masika, Machi au Aprili, huku tangazo halijulikani lilipo. Mkulima wa Handeni halimi siku mvua inaponyesha. Shamba huwa limeshasafishwa. Ukiwa na rasimu mwezi wa nne, utapata muda wa kuichukia mwezi wa tano, kuibomoa wa sita, na kumpa mtu mkali aisome wa saba. Mtu mkali, nimesema. Shangazi anayekupenda atakuambia ni nzuri.

Na andika kwanza kwa lugha unayoiota. Kiswahili, Kizigua, Kisambaa, yoyote ile. Andiko litakalotumwa huenda likawa la Kiingereza, lakini ukianzia huko utajificha nyuma ya maneno makubwa yasiyobeba kitu. Ukishajua kwa Kiswahili unachokitaka, Kiingereza kitakufuata, au utapata wa kukusaidia. Programu za akili bandia zitakupa kurasa mbili safi kwa dakika moja, sikatai. Zitampa pia kila mwombaji mwingine kurasa zilezile.

Hofu ya umri iweke kando. Nyerere alimaliza Makerere mwaka 1945, akafundisha Tabora, na Edinburgh akaenda mwaka 1949. Alikuwa ameshakuwa mwalimu wa watu kabla ya kurudi kuwa mwanafunzi. Miaka mitatu au minne uliyokaa kituoni haijakupotea, mradi uwe uliitazama kwa macho yaliyo wazi.

Tena kuna wale wahadhiri watakaokuandikia barua za mapendekezo. Wewe unawakumbuka, lakini wao wana mamia ya wahitimu wa kuwakumbuka. Mwandikie mmoja wiki hii. Mweleze unafanya kazi wapi, ni swali gani linakusumbua, umesoma nini kulihusu, na usimwombe chochote. Barua ya ombi utaituma mwezi wa saba, na wakati huo atakuwa na la kusema juu yako zaidi ya alama zako za mwaka wa tatu.

Daftari la shilingi mia tano linatosha, simu pia inatosha. Leo jioni ukitoka kazini, kabla ya kufungua kundi la WhatsApp kuona kama kuna tangazo, andika tarehe juu ya ukurasa. Chini yake mwandike mgonjwa, mwanafunzi au mkulima wa mwisho uliyemhudumia leo, bila jina lake, na swali lake ambalo ulishindwa kulijibu. Kesho andika la mwingine.