Nani Alikutuma?

Msimu wa pamba, kwenye mizani huko Ngulyati, Bariadi, mzee mmoja aliyekuwa mgambo aliomba atangulizwe, maana mguu wake hauvumilii kusimama. Alipandisha suruali, akaonyesha kovu alilorudi nalo kutoka vitani Uganda. Kijana akamjibu, "Babu, si ulijitolea mwenyewe? Nani alikutuma?" Watu wakacheka. Mzee akashusha suruali, akaketi juu ya gunia lake.

Kujitolea ni kutoa nguvu zako bila kulipwa. Hapo hakuna ubishi. Kinachochoma ni lile swali.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakakalia ardhi ya Tanzania hadi Mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Jeshi la Tanzania likaongezwa hadi kupita watu 100,000, mgambo wa vijijini wakiwemo. Wengi waliingia Uganda kwa miguu. Waliiona Masaka ikiwa magofu, na Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, watu walifurika barabarani kuwalaki. Waganda waliwaita "wakombozi".

Swali la kijana linadai kwamba kilichotolewa kwa hiari hakina deni. Kiswahili chenyewe kinakataa. Kujitoa ni kuondoka kundini. Kujitolea, kwa silabi moja tu iliyoongezwa, ni kujitoa kwa ajili ya mwingine. Silabi hiyo imembeba mpokeaji. Anayesema mzee alijitolea amekwisha kukiri kwamba wapo waliopokea, na miongoni mwao ni babu wa kijana huyo mwenyewe, aliyebaki Bariadi akipalilia pamba. Na kama mzee angetumwa? Kijana yuleyule angesema alitii amri tu. Akienda kwa hiari hadai, akienda kwa amri hadai: basi shukrani aipate kwa njia ipi?

Wapo wanaosema si wote walikwenda kwa hiari, na kwamba vita viliiacha nchi haina fedha. Ni kweli, lakini hilo halifuti deni la waliokwenda.

Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe. Ngoma ikilia, majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, udongo ukipinduka, na shamba la siku nyingi likalimwa kwa siku moja. Mshahara haupo, lakini mwenye shamba hupika. Hawezi kuwauliza waliomlimia nani aliwatuma, huku sufuria yake ikiwa tupu.

Deni la vita hupikiwa nini, na hurithiwa hadi kizazi cha ngapi? Hapo fikra bado zinagota. Lakini mizani ikifunguliwa tena Ngulyati, mzee apishwe mbele.